Usiuze Pikapu Yako kwa Sababu ya Macho ya Watu

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi Columbus, Ohio, pamoja na mke wangu na watoto watatu. Mwaka jana nilinunua pikapu ndogo, Ford Maverick ya haibridi, modeli ya 2023, inayovutwa na magurudumu ya mbele. Siku za kazi naenda nayo hospitalini ninakofanya usafi. Jumamosi nakata nyasi na kupaka rangi nyumba za watu. Gari halijanisumbua hata kidogo, wanaonisumbua ni watu. Kila tukikutana kwenye harusi au msiba, wenzangu wenye mapikapu makubwa wananiuliza kama nimekuja na toi. Shemeji yangu anasema betri itakufa na nitalia. Sasa duka la magari limenipigia simu: wataichukua yangu, wanipe pikapu kubwa kwa mkopo wa miezi 84, na wanataka jibu kabla ya mwezi kwisha. Kaka yangu aliyeko nyumbani naye anasema kama naiacha, nimpelekee yeye. Mke wangu hataki kusikia habari ya deni jingine na tumeshafika mahali pa kununiana. Nimechoka. Nifanye nini?

Njia Panda, Columbus

JIBU: Ndugu yangu, nianze na jibu lenyewe, kwa kuwa muda uliopewa ni mfupi na waliokupa ni watu wanaotaka kukuuzia. Baki na Maverick yako, na mkopo huo usiutie sahihi. Nimeisoma barua yako nikitafuta mahali ulipolilalamikia gari, sikupaona. Umelalamika juu ya harusi, msiba, shemeji na muuza magari. Gari linakupeleka kazini, linakubebea vifaa na kukurudisha salama. Wanaokukera ni watu, na ugomvi na watu hauishi kwa kubadilisha gari.

Hata hivyo sitaki uende kumwambia mkeo "mshauri kasema" ukaishia hapo. Anastahili sababu zenye uzito, na wewe pia. Basi tuipime pikapu yako kwa kazi yako, kisha tuzungumze juu ya ukubwa, maana naona hapo ndipo moyo wako ulipochubuka.

Ford ilipoitambulisha Maverick Juni 2021, ilifanya jambo lisilokuwa la kawaida Marekani. Haibridi, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa kitu cha kuongezewa pesa, iliwekwa kwenye toleo la bei ya chini kabisa, kuanzia dola 19,995 kabla ya gharama ya kulifikisha gari dukani. Watu waliikimbilia kiasi kwamba Januari 2022 kampuni ilisimamisha kupokea maagizo ya haibridi ya modeli ya mwaka huo kwa sababu kiwanda cha Hermosillo, Mexico, kilikuwa kimeelemewa. Mwezi huohuo Maverick ikatangazwa kuwa Pikapu Bora ya Mwaka ya Amerika Kaskazini. Bei imepanda sana tangu hapo, na anayetaka mpya leo anatoa maelfu zaidi. Nakukumbusha haya ili ujue kwamba kitu unachoambiwa ni toi, watu walikipangia foleni.

Sasa kazi. Pikapu yako imeruhusiwa kubeba ratili 1,500, yaani kilo 680 hivi. Uzito huo unahesabu mizigo pamoja na watu mliokaa ndani, jambo ambalo wengi hulisahau. Wewe na msaidizi wako mkiwa na kilo 160 kwa pamoja, bado mna nusu tani na ushei ya kuweka nyuma. Mpaka rangi na mkata nyasi wa Jumamosi hafiki huko. Bodi la mizigo lina urefu wa futi 4 na nusu, ni fupi, wala sitakuficha kwamba ni fupi. Lakini angalia lilivyofikiriwa. Mlango wake wa nyuma unaweza kuusimamisha katikati, usifunguke wote, ukawa sawa na vifuniko vya magurudumu, na hapo mbao za plaiwudi za futi 4 kwa 8 zinalala bapa juu yake. Kwenye kuta za ndani kuna mifereji iliyopimwa kwa makusudi ili uchomeke mbao za kawaida za inchi 2 kwa 4 au 2 kwa 6 na kujigawia vyumba: makopo ya rangi huku, mashine ya nyasi kule, na kopo halimwagikii mashine. Mbao hizo unazinunua duka lolote la vifaa vya ujenzi, huhitaji kifaa maalumu cha kampuni. Ukisimama pembeni mwa gari, mkono wako unafika kwenye sakafu ya bodi. Pikapu kubwa za siku hizi zimeinuka mpaka baadhi yake huuzwa na ngazi iliyofichwa kwenye mlango wa nyuma ili mwenye gari aweze kupanda kuchukua kitu chake.

Ubunifu wa namna hii naupenda kwa dhati. Aliyechora bodi lile alimkumbuka mtu mwenye kazi, mwenye mikono, asiye na pesa za kutupa. Kule kwetu gari la namna hiyo tunaliheshimu bila kuambiwa. Toyota Probox ni gari dogo, halina sura ya kutisha, lakini Kenya nzima inajua limebeba nini na limefika wapi, na hakuna mfanyabiashara anayelionea haya.

Mafuta je? Haibridi ya gari lako ilipimwa na serikali ya Marekani kuwa inakwenda maili 42 kwa galoni mjini, 33 barabara kuu, na 37 kwa wastani. Kwa hesabu ya nyumbani ni kama kilomita 15.7 kwa lita kwa wastani, na karibu 18 mjini. Pikapu kubwa nyingi za petroli zinacheza karibu na maili 20 kwa galoni. Chukua maili 12,000 kwa mwaka. Yako itakunywa galoni kama 324, kubwa itakunywa 600. Galoni ikiwa dola 3, tofauti ni zaidi ya dola 800 kila mwaka, na hapo hatujagusa bima, wala tairi kubwa ambazo bei yake inashtua.

Kuna sehemu moja ambapo gari lako linaweza kukushinda, na hii nataka uisome mara mbili. Hukuniambia kama unavuta trela. Haibridi ya 2023 mwisho wake wa kuvuta ni ratili 2,000, sawasawa na kilo 907, na uzito huo ni wa trela pamoja na kilichomo. Trela dogo la chuma lenye ekseli moja laweza kuwa na ratili 700 likiwa tupu. Mashine kubwa ya kukata nyasi, zile za kukalia zinazotumiwa na makampuni, peke yake yaweza kuvuka ratili 1,000. Ongeza petroli, mashine ya kupuliza majani na kreti za vifaa, umeshafika ukingoni. Ukivuta zaidi ya hapo, breki na mfumo wa haibridi vinafanya kazi ambayo havikuundiwa, na mteremko wenye mvua ndio utakaokuonyesha. Kwa mashine ya kusukuma kwa mkono inayokaa ndani ya bodi huna wasiwasi wowote. Lakini kama mpango wako ni kuikuza biashara, kununua mashine mbili za kukalia na kuajiri vijana, basi siku hiyo mahitaji yako yatakuwa yamebadilika, na gari litafuata. Hata hapo huhitaji kurukia pikapu kubwa moja kwa moja. Maverick za modeli ya 2025 za haibridi zinapatikana zikiwa na nguvu ya magurudumu yote manne, na ukichagua kifurushi cha kuvuta zinafika ratili 4,000. Ratili chache zinazotosha ni bora kuliko nyingi zinazokaa bure.

Niende kwa shemeji. Naamini anakupenda na hofu yake ni ya kweli kwake, kwa hiyo usimjibu kwa hasira. Mweleze jinsi gari lenyewe linavyofanya kazi, atatulia. Betri ya haibridi yako ni ndogo, kilowati-saa 1.1 tu, haichomekwi ukutani. Inajazwa na injini, na kila unapofunga breki mota inageuka kuwa jenereta na kurudisha nishati ambayo ingepotea kama joto. Ndiyo maana mjini, penye taa nyingi na foleni, linakula mafuta kidogo kuliko barabara kuu, kinyume cha gari la kawaida. Ndiyo maana pia pedi za breki hudumu. Injini yake ya lita 2.5 imepangwa kubana mafuta badala ya kutafuta nguvu nyingi, na mota inaziba pengo. Kwa pamoja zinatoa nguvu farasi 191. Katikati yake hakuna giaboksi ya mkanda wala ya gia nyingi zinazobadilishana. Kuna seti ya gia za sayari zinazozunguka pamoja muda wote, na mota mbili za umeme. Vitu vya kukatika ni vichache.

Mpango huu si wa jana. Toyota ilianza kuuza Prius Japani Desemba 1997. Ford ilitoa Escape ya haibridi mwaka 2004, na magari hayo yalifanywa teksi New York, yakakimbia mchana na usiku katika foleni mbaya kabisa ya Marekani. Na kama shemeji anataka ushahidi wa karibu, apige simu Nairobi aulize madereva wa teksi wenye Toyota Aqua. Betri ya haibridi inaweza kuharibika, ndiyo, kama chochote chenye umri. Lakini Ford imezidhamini sehemu za haibridi kwa miaka 8 au maili 100,000, kinachotangulia, na dhamana hiyo inafuata gari hata likibadilisha mwenyewe. Kwa modeli ya 2023 hiyo ni hadi kama 2031, ukiwa hujamaliza maili zako.

Lililonitia wasiwasi mimi kuliko betri ni jambo ambalo hakuna aliyekuambia. Mwaka 2022 Ford iliyaita magari yenye injini hiyo ya lita 2.5 ya haibridi, Maverick zikiwemo, kwa sababu injini ikifeli, mafuta na mvuke vingeweza kutoka na kushika moto. Mwaka 2023 wito ukapanuliwa. Baadaye, mwaka 2024, ukaja wito mwingine kwa Maverick za 2022 na 2023 kuhusu betri ile ndogo ya kawaida ya volti 12, ambayo ikichoka bila gari kutambua inaweza kulizimisha ukiwa njiani. Matengenezo ya wito ni bure. Chukua namba ya chesisi, ile yenye herufi na tarakimu 17 inayoonekana chini ya kioo cha mbele upande wa dereva, uiingize kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani. Itakuonyesha papo hapo kama kuna kazi haijafanywa kwenye gari lako. Huenda ulilinunua likiwa limetumika. Usidhani mwenyewe wa kwanza alilipeleka. Fanya leo usiku.

Tufike kwenye ukubwa. Wenzako wanaamini pikapu imekuwa kubwa kwa sababu wanaume wana kazi kubwa. Historia haisemi hivyo. Marekani ilijaa pikapu ndogo miaka ya 1970 na 1980: Datsun, Toyota, Mazda, kisha Ford Ranger na Chevrolet S-10. Mafundi bomba, wakulima na maseremala walizitumia mpaka zikaoza. Leo zimekwisha. S-10 iliondoka 2004, na Ranger ya zamani ya mwisho ilitoka kiwandani St. Paul, Minnesota, Desemba 2011. Ranger iliporudi 2019 ilikuwa gari jingine, kubwa zaidi.

Kilichoziondoa ni sheria na faida zaidi ya kazi. Desemba 1963 Rais Lyndon Johnson alitia sahihi ushuru wa asilimia 25 juu ya malori madogo kutoka nje, akilipiza kisasi kwa sababu Ufaransa na Ujerumani Magharibi zilikuwa zimewatoza kuku wa Marekani ushuru mkubwa. Ugomvi wa kuku uliisha zamani, ushuru wa malori ukabaki, hadi leo. Pikapu ndogo nzuri zinazotengenezwa Asia haziwezi kuingia Marekani kwa bei ya maana. Maverick ilipita kwa sababu inaundwa Mexico chini ya mkataba wa biashara huru. Kisha zikaja kanuni za matumizi ya mafuta zinazopima gari kwa eneo lililo kati ya magurudumu yake manne: gari likiwa kubwa, linapewa lengo jepesi. Mhandisi anayetakiwa kutengeneza pikapu ndogo anabebeshwa lengo gumu; mwenzake akiirefusha na kuipanua, anapumua. Na kwenye pikapu kubwa kampuni inapata faida nono kwa kila gari. Ungekuwa wewe mwenye kiwanda ungetengeneza ipi?

Kwa hiyo anayekuringia kwa ukubwa wa gari lake anakuringia kwa matokeo ya ushuru wa kuku. Wala yako si ndogo kiasi hicho. Ina urefu wa mita 5.07. Toyota Hilux ya milango minne, ambayo nyumbani ni gari la mashirika na wakandarasi, ina kama mita 5.3. Yako inaonekana ndogo kwa sababu imeegeshwa karibu na Ford F-150 ya milango minne, ambayo inakaribia mita 5.9.

Kuna jambo moja katika mtindo huu wa pikapu kubwa ambalo haliniachi nilale vizuri, na wewe una watoto watatu. Sura za magari haya zimepandishwa na kufanywa za kutisha kwa makusudi: boneti juu, pua imesimama wima kama ukuta. Consumer Reports ilipima na kukuta kwamba boneti za pikapu zimepanda kwa wastani wa asilimia 11 au zaidi tangu 2000, na kwamba baadhi zina eneo lisiloonekana mbele ya gari linalozidi la baadhi ya magari ya saluni kwa futi 11. Futi 11 ni zaidi ya mita 3. Hapo mtoto mdogo anaweza kusimama na dereva asimwone kabisa, akiwa mzazi wake mwenyewe, kwenye maegesho ya nyumba yake mwenyewe. Novemba 2023 IIHS, taasisi ya bima inayochunguza usalama wa barabara kuu, ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba magari yenye boneti inayozidi inchi 40 yana uwezekano wa asilimia 45 zaidi wa kuua mtu wa miguu yanapomgonga, ukilinganisha na yale yenye boneti ya inchi 30 au chini na pua inayoteremka. Sababu yake ni rahisi: gari la chini linampiga mtu miguu akaangukia boneti, la juu linampiga kifua au kichwa, kisha linamlaza chini. Watu zaidi ya 7,000 wanaokwenda kwa miguu waliuawa barabarani Marekani kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2023. Si wote waliouawa na pikapu, lakini sura ya gari ina mchango wake. Mtu anayevuta trela la tani tatu kila wiki anahitaji gari kubwa, na namtakia heri. Anayelinunua ili aonekane harusini anawaongezea hatari watoto wa jirani bila kupata chochote.

Tukiwa kwenye mitindo, nikuambie na la ndani ya gari, maana muuza magari atakuvutia nalo. Atakuwashia skrini kubwa kama televisheni. Hata Maverick za 2025 zimepewa skrini ya inchi 13.2, wakati yako ina ya inchi 8 na vitufe vya kushika vya joto na kiyoyozi. Usiione yako kuwa ya kizamani. Mwaka 2022 jarida la Vi Bilägare la Sweden liliwapa madereva kazi nne za kawaida, zikiwemo za joto, redio na taa za dashibodi, gari likiwa kwenye kilomita 110 kwa saa. Kwenye Volvo V70 ya 2005 yenye vitufe, kazi zote ziliisha kwa sekunde 10. Kwenye gari jipya lililofanya vibaya kuliko yote, MG Marvel R, zilichukua karibu sekunde 45, na gari likawa limekimbia mita 1,372, zaidi ya kilomita nzima, dereva akihangaika na kioo. Sasa wakubwa wameanza kurudi kwenye vitufe. Kuanzia 2026 Euro NCAP, wanaopima usalama wa magari Ulaya, hawatoi alama kamili kirahisi kwa gari lisilo na vitufe au mikono halisi ya taa za kugeuka, taa za hatari, honi, waipa na simu ya dharura. Januari, theluji ikianguka na mikono imevaa glavu, kitufe chako utakibariki.

Na hata kwa kampuni ndogo mambo yameanza kugeuka. Aprili 2025 kampuni mpya iitwayo Slate ilionyesha pikapu ya umeme ya viti viwili, isiyo na skrini katikati, madirisha ya kuzungusha kwa mkono, isiyopakwa rangi. Siwezi kuipendekeza kwa mtu mwenye watoto watatu, lakini inaonyesha kwamba ulichonunua si mabaki ya zamani. Watengenezaji wanaanza kuelewa kwamba kuna watu wengi waliochoshwa na vikubwa na vya ghali.

Sasa mkopo, ambao ningeweza kuuandikia ukurasa mzima. Miezi 84 ni miaka 7. Mtoto anayeanza darasa la kwanza leo atakuwa anaingia la nane ndipo unamaliza kulipa. Tuseme unakopa dola 48,000 kwa riba ya asilimia 8. Kila mwezi utatoa karibu dola 748, na mpaka mwisho utakuwa umelipa kama 62,800. Dola 14,800 zimekwenda kwa benki. Na kwa mkopo mrefu hivyo, miaka ya mwanzo gari linashuka thamani haraka kuliko deni linavyoshuka. Likipata ajali au ukiachishwa kazi, utauza gari na bado utadaiwa. Kama Maverick yako nayo ina deni lililobaki, uliza kwa maandishi deni hilo linakwenda wapi. Mara nyingi linamezwa ndani ya mkopo mpya na kulipiwa riba upya. Muuza magari hakukupigia kwa huruma. Maverick za haibridi zilizotumika zinatafutwa, na simu yake yenyewe inakuambia kwamba ulichonacho kina thamani. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Kaka yako wa Mombasa mwambie ukweli kwa upole. Maverick ina usukani wa kushoto, na Kenya haisajili magari ya usukani wa kushoto isipokuwa ya kazi maalumu kama ambulensi na zimamoto. Likifika bandari ya Kilindini litamtia hasara, nawe utalaumiwa. Hata lingesajiliwa, Maverick haiuzwi rasmi Afrika Mashariki, na spea zake zingekuwa za kuagiza moja moja. Kama ana kazi inayohitaji gari, akae na fundi wake watazame kinachopatikana hapohapo. Ukiwa na uwezo wa kumchangia, mchangie pesa.

Nimebakisha mkeo. Soma tena barua yako: katika watu wote uliowataja, ni yeye peke yake aliyetetea mfuko wa nyumba, na ndiye unayemnunia. Mwombe radhi kwa hilo kabla ya kumweleza habari za betri. Keti naye na kalamu, mwandike mnatoa kiasi gani kwa mwezi kwa gari, bima na mafuta, ili safari ijayo mtu akileta ofa ya gari muijibu pamoja. Kama tatizo lake ni watoto kubanana nyuma, na viti vya watoto vitatu kwa safu moja ni kweli vinabana, basi gari la pili la familia, la zamani na la bei nafuu, lina maana kuliko pikapu kubwa.

Wenzako wa harusini hawana sehemu katika hesabu hiyo. Wanapohama nyumba, wanapotaka kuchukua sofa au friji, nina hakika wanakupigia wewe au watakupigia. Wasaidie. Wakikuuliza juu ya toi, waambie maili 37 kwa galoni uendelee kula pilau.

Kesho asubuhi wapigie duka la magari uwaambie hapana, bila maelezo, na uwaombe wasipige tena. Kisha lipeleke trela lako, kama unalo, kwenye mzani wa malori likiwa limepakiwa kama siku ya kazi. Likiwa chini ya ratili 2,000, huna haja ya kuniandikia tena kuhusu gari hili. Likizidi, niletee namba zenyewe na mpango wa biashara yako, nami nitakujibu.